Sudan: Kwa nini jeshi lililomng'oa Bashir halikukabidhi nchi kwa raia?

Jeshi likimtoa rais madarakani huku watu wakishangilia barabarani, wengi hudhani demokrasia imeshafika. Sudan ilifika hapo mwaka 2019. Miaka minne baadaye ilikuwa vitani.

Ilianzaje?

Maandamano yalianza Desemba 2018 baada ya bei ya mkate kupanda. Aprili 6, 2019, waandamanaji walipiga kambi nje ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, wakiwataka wanajeshi wawaunge mkono. Aprili 11 jeshi likamwondoa Omar al-Bashir, aliyetawala tangu mapinduzi ya 1989.

Waandamanaji hawakurudi nyumbani. Walitaka serikali ya kiraia, siyo jenerali mwingine. Juni 3 kambi yao ikavunjwa kwa risasi, na zaidi ya watu 100 wakauawa.

Walikubaliana nini?

Agosti 2019 pande mbili zilisaini makubaliano ya kugawana madaraka kwa miezi 39. Baraza la Utawala likawa na watu 11: wanajeshi 5, raia 5, na raia mmoja aliyekubaliwa na pande zote. Mchumi Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu. Jenerali Abdel Fattah al-Burhan angeongoza baraza kwanza, kisha awaachie raia.

Palipoharibika ni wapi?

Raia walipata vyeo, lakini wanajeshi walibaki na mambo matatu makubwa:

- Bunduki: Makubaliano yaliacha mageuzi ya jeshi mikononi mwa wanajeshi wenyewe.
- Pesa: Kampuni za jeshi ziliendelea kufanya biashara nje ya usimamizi wa wizara ya fedha. Hamdok alilalamikia jambo hilo waziwazi.
- Majeshi mawili: Kando ya jeshi la taifa kulikuwa na RSF, kikosi cha Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu Hemedti, chenye silaha na biashara ya dhahabu.

Halafu kulikuwa na hofu ya kushtakiwa kwa mauaji ya Juni 3. Oktoba 25, 2021, kabla raia hawajapewa uongozi wa baraza, al-Burhan akapindua serikali. Hamdok alikamatwa, akarudishwa kazini Novemba, kisha akajiuzulu Januari 2022.

Desemba 2022 wakasaini makubaliano mengine. Safari hii mvutano ukawa kuhusu lini RSF iingizwe jeshini: jeshi lilitaka miaka 2, RSF ikataka 10. Aprili 15, 2023 wakaanza kupigana wao kwa wao, na mamilioni ya watu wakakimbia makwao.

Kuna waliofanikiwa?

Indonesia ilikwenda hatua kwa hatua baada ya Suharto kuondoka mwaka 1998. Polisi walitenganishwa na jeshi. Viti vya bungeni ambavyo wanajeshi walipewa bila kupigiwa kura vilipunguzwa kutoka 75 hadi 38 mwaka 1999, na mwaka 2004 vikaisha kabisa. Haikuwa rahisi, na biashara za jeshi zilichukua muda zaidi kuguswa.

Cha kuangalia

Jeshi likitangaza "serikali ya mpito", usiangalie tu nani kaapishwa. Uliza: bajeti ya jeshi inapitishwa na nani? Mwanajeshi akiua raia, anashtakiwa wapi? Na tarehe ya kukabidhi madaraka ikifika, nani ana nguvu ya kuwalazimisha waondoke? Sudan maswali hayo yaliahirishwa, na wananchi ndio wanaolipa.