Kalamu Isiyochongwa

Mapenzi yangu kwa kalamu ya risasi yalianza utotoni Shumba, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Tulikuwa ndugu watano. Kalamu moja hukatwa kwa wembe vipande viwili, na kila kipande kikachongwa mpaka hakishikiki tena. Kwa hiyo nilipoiona mara ya kwanza kalamu ya kubonyeza, ambayo risasi yake hutoka yenyewe na mwili wake haupungui, nalidhani ni kiini macho.

Jina lenyewe lina kosa la kale. Neno kalamu tulipewa na Waarabu, nao asili yao waliipata kwa Wayunani, ambao kwao maana yake ni tete. Lakini risasi? Ndani ya chombo hiki hamna risasi hata chembe. Waingereza walipoyapata madini meusi ya Borrowdale katika karne ya 16 waliyadhania kuwa ni jamaa ya risasi, na dhana hiyo imo hata leo katika lugha nyingi, yetu miongoni mwazo. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele alionyesha kuwa ni kaboni. Basi jamaa yake hasa ni masizi.

Kalamu isiyochongwa si kitu cha jana. Mojawapo ilipatikana katika mabaki ya Pandora, merikebu ya Kiingereza iliyozama karibu na Australia mwaka 1791. Sampson Mordan na John Hawkins walipata haki ya uvumbuzi wao London mwaka 1822, na Mordan akazitengeneza za fedha na dhahabu. Mimi naziona kuwa ni vito kuliko vyombo vya kazi.

Kisa kizito ni cha Tokuji Hayakawa wa Tokyo, aliyeunda yake mwaka 1915. Tetemeko la Septemba 1923 liliteketeza karakana yake na kumnyang'anya mkewe na watoto wao. Kwa sababu ya madeni aliitoa kalamu ile kwa wengine, akaanza upya Osaka, akaunda redio. Kampuni yake yaitwa Sharp, jina la kalamu ambayo haikuwa yake tena.

Risasi nyembamba zilivunjika ovyo mpaka mwaka 1960, Pentel walipoacha kuzifunga kwa udongo wakatumia utomvu uliounguzwa. Ya nusu milimita ndiyo niliyokuwa nayo niliporudi Shumba kukusanya maneno ya Kipemba kwa bibi mmoja wa ukoo wetu. Nusu ya daftari naliiandika kwa wino. Wino ulipokwisha nikaendelea kwa risasi. Mvua ya masika ikanikuta njiani. Kurasa za wino ziligeuka madoa ya buluu. Za risasi zilisomeka zote.

Bibi alicheka. Chuoni kwao, alisema, waliandika ubaoni kwa tete na wino wa masizi, kisha ubao ukaoshwa upokee somo la kesho. Ni kaboni ile ile: ya ubaoni iliwekwa ili iondoke kwa maji, ya daftarini imeng'ang'ania nyuzi za karatasi.

Naliahidi kurudi baada ya mavuno ya karafuu nimwulize upya maneno yaliyofutika. Alifariki kabla sijarudi. Nusu ya pili ninayo. Yaanzia katikati ya majina ya samaki.