Nani Alilipia Kitanda cha Mtoto: Serikali na Mashirika katika Malezi ya Kambo New York

Katika jiji la New York, kulea watoto waliokosa pa kukaa hakujawahi kuwa kazi ya serikali peke yake, wala ya mashirika ya hisani peke yake. Tangu karne ya 19 serikali imetoa fedha, na mashirika yametoa vitanda, watumishi na familia za kupokea watoto. Pande hizo mbili zimekuwa zikikaa tena na tena kuamua nani alipe, alipe kiasi gani, na alipe kwa kipimo kipi. Swali la kipimo ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwa sababu fedha zikihesabiwa kwa siku anazolala mtoto katika makao, makao hayana sababu ya kifedha ya kumruhusu aondoke.

Oktoba 1869 masista Wakatoliki wa shirika la Sisters of Charity, wakiongozwa na Sista Irene Fitzgibbon, walifungua nyumba ya watoto wachanga waliotupwa katika mtaa wa East 12th. Mlangoni waliweka susu jeupe. Mama aliyeshindwa alifika, akamlaza mtoto humo, akaenda zake. Wengi waliacha vijibarua vilivyobanwa kwa pini kwenye nguo za mtoto: jina lake, siku aliyozaliwa, kama amebatizwa au la, na mara nyingine ombi kwamba atunzwe vizuri mpaka mama atakapoweza kurudi kumchukua. Vijibarua hivyo vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya historia ya jiji, na hakuna anayevisoma akaendelea kuamini kwamba wanawake wale hawakuwapenda watoto wao. Nyumba ilijaa upesi. Mwaka 1870 Bunge la jimbo liliidhinisha dola 100,000 za kujenga jengo kubwa zaidi, kwa sharti kwamba masista nao wachangishe kiasi kama hicho kwa wahisani. Hayo yalikuwa makubaliano ya wazi: kila upande uweke chake mezani.

Sheria ya mwaka 1875 ndiyo iliyogeuza mpango huo kuwa mfumo wa jimbo zima. Wakati huo watoto wengi waliishi katika nyumba za maskini, wakichanganywa na wazee, wagonjwa na watu wenye maradhi ya akili. William Pryor Letchworth, mfanyabiashara wa Buffalo aliyekuwa mjumbe wa bodi ya misaada ya jimbo, alizunguka nyumba hizo moja baada ya nyingine na kueleza aliyoyaona. Sheria ikaamuru watoto wenye zaidi ya miaka mitatu waondolewe humo. Kaunti zilitakiwa kulipia matunzo yao kwingineko, na pale ilipowezekana mtoto apelekwe katika makao yanayoongozwa na watu wa dini ya wazazi wake.

Nia ilikuwa njema, na watoto waliokolewa kweli kutoka mahali pabaya. Lakini sehemu mbili za sheria hiyo, malipo kwa kila kichwa na kigezo cha dini, zilizaa jambo ambalo halikukusudiwa. Makao mapya yalichipuka kila upande, mengine yakichukua mamia ya watoto. Wazazi maskini walianza kuwaweka watoto wao humo kwa muda, maana kaunti ililipa makao na haikumlipa mama. Josephine Shaw Lowell, mwanamke wa kwanza kuteuliwa katika bodi ya jimbo, aliupinga utaratibu huo kwa miaka mingi. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha za umma zilikuwa zikivuta watoto kutoka majumbani mwao.

Majimbo mengine yalichagua njia tofauti. Michigan ilifungua shule yake yenyewe mjini Coldwater mwaka 1874, ikawaweka watoto humo kwa muda mfupi tu kisha wakatafutiwa familia. Huko Pennsylvania, shirika la misaada ya watoto lililoanzishwa mwaka 1882 lilikubaliana na kaunti: kaunti ilipe posho ya chakula na malazi, shirika litafute familia na kumtembelea mtoto. Malezi ya kambo kama yanavyojulikana sasa yana mizizi katika makubaliano ya namna hiyo. Kijana mmoja aliyeyasimamia, Homer Folks, alihamia New York mwaka 1893 akiwa na uzoefu huo mkononi.

Mwaka uliofuata jimbo la New York liliandika katiba mpya, na suala la ruzuku kwa makao ya dini likawa miongoni mwa yaliyozozaniwa zaidi. Ruzuku zilibaki, ila bodi ya jimbo ikapewa mamlaka ya kuziwekea masharti. Kuanzia 1895 makao hayakuweza kudai malipo kwa mtoto ambaye ofisa wa serikali ya mtaa hakumkubali kwa maandishi. Sharti hilo laonekana dogo, lakini kwa mara ya kwanza aliyelipa alikuwa na sauti kuhusu nani aingie.

Ukaguzi haukupokelewa kwa furaha. Chini ya Meya John Purroy Mitchel, kamishna John Kingsbury alipeleka wakaguzi katika makao hayo na wakarudi na taarifa za uchafu na uzembe. Viongozi wa Kanisa Katoliki walijibu kwa vijitabu vikali, na mwaka 1916 ikafichuka kwamba polisi walikuwa wakisikiliza simu za mapadri. Ushirikiano wa nusu karne ulikaribia kuvunjika. Mitchel alishindwa vibaya katika uchaguzi wa 1917, lakini ofisi ya jiji ya kuwaweka watoto katika familia za kulipwa ilikuwa tayari imeanza kazi, na sheria ya 1915 ilikuwa imeruhusu akina mama wajane wapewe posho walee watoto wao nyumbani.

Serikali ya shirikisho ilichelewa kuingia. Mwaka 1961 ndipo ilipoanza kuchangia gharama za watoto wa kambo waliotoka katika kaya zilizostahili msaada, na mwaka 1980 mchango huo ukawekewa sheria yake. Sasa wenye neno walikuwa wengi: Washington, jimbo, jiji na mashirika. Kigezo cha dini cha 1875 kilikuwa bado hai. Makao bora ya New York yalikuwa ya Wakatoliki na Wayahudi, yakiendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za umma, huku watoto weusi Waprotestanti, ambao idadi yao ilikuwa imeongezeka sana, wakisubiri katika vituo vya muda au kupelekwa kulikobaki. Kesi ya Wilder, iliyofunguliwa mwaka 1973 kwa jina la msichana mmoja kati yao, iliudai mfumo huo haki. Suluhu iliyothibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 1988 ilitaka watoto wapangiwe nafasi kwa zamu ya kuja kwao. Miaka 15 ni mingi kwa kesi, na kwa mtoto ni utoto mzima.

Swali la kipimo lilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1990, safari hii nje ya New York. Kansas ilikabidhi malezi ya kambo kwa mashirika na kuyalipa kitita kimoja kwa kila mtoto, haijalishi angekaa muda gani. Watoto walikuwa wengi na mahitaji yao makubwa kuliko makadirio, mashirika yakazama katika madeni, na mwaka 2000 jimbo likarudi kwenye malipo ya kila mwezi. Illinois, iliyokuwa na watoto zaidi ya 51,000 mwaka 1997, ilikaa na mashirika yake na kutengeneza mkataba mwingine. Kila shirika lilipokea mgawo wake wa watoto wapya na kutakiwa kuwapatia idadi ileile makazi ya kudumu. Lililovuka lengo lilibaki na watoto wachache bila kupunguziwa fedha, na lililoshindwa lililea watoto wengi zaidi kwa fedha zilezile. Jimbo pia liliruhusiwa kuwalipa bibi, shangazi na ndugu wengine waliokubali ulezi wa kudumu. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 20,000.

Sheria ya shirikisho ya 2018 ilifuata mwelekeo huo. Iliruhusu fedha zilizokuwa za malezi ya kambo zitumike kuisaidia familia kabla mtoto hajaondolewa, na ikabana malipo kwa makao ya pamoja yasiyotimiza viwango, yasizidi wiki mbili. Jambo moja la zamani halikuguswa. Ili Washington ichangie gharama za mtoto wa kambo wa kawaida, kaya aliyotolewa lazima iwe maskini kwa kiwango kilichokuwa kikitumika Julai 1996, na kiwango hicho hakipandi pamoja na bei. Hivyo kila mwaka watoto wanaostahili mchango huo hupungua, na gharama za wasiostahili huangukia majimbo, majiji na mashirika yaleyale yaliyoanza na susu mlangoni.