Injini kunoki

Kunoki kwa injini (pia: kugonga kwa injini) ni sauti ya kugonga inayotoka ndani ya injini ya gari. Jina hilo linatumika kwa mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa.

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta unaweza kulipuka wenyewe kabla ya kufikiwa na moto ulioanzishwa na plagi. Kinga yake ni petroli yenye oktani ya kutosha. Zamani ilitiwa risasi, ambayo uwezo wake wa kuzuia kugonga uligunduliwa Marekani mwaka 1921. Kwa kuwa ni sumu iliachwa, na nchi ya mwisho kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, hadi 2021.

Mafundi wa Tanzania wakisema "gari limenoki", kwa kawaida wana maana nyingine: beringi za kranki zimekwisha, hasa kwa kukosa oili. Fundi husikiliza kwa kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni.

Gari jipya likigonga ndani ya muda wa waranti, hupelekwa kwa wakala kabla injini haijafunguliwa kwingine, pamoja na kumbukumbu za kubadilisha oili. Hata hivyo magari mengi nchini huagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na kwa kawaida waranti ya kiwanda huwa imeshakwisha.