Thunder Child: Manowari ya hadithini iliyokufa ikipigana

Aprili 2027 inatimia miaka 130 tangu jarida la Pearson's Magazine la London lianze kuchapisha, sehemu baada ya sehemu, riwaya ya H. G. Wells iitwayo The War of the Worlds. Wengi wanaijua kwa sababu ya wavamizi kutoka sayari ya Mirihi na mashine zao ndefu za miguu mitatu. Wapenzi wa bunilizi za kisayansi wana sababu nyingine ya kuienzi. Sura ya 17, inayofunga sehemu ya kwanza ya kitabu, ina habari za manowari moja iliyowakabili maadui watatu peke yake ili raia wapate kukimbia. Jina lake ni Thunder Child, na kwa maoni yangu hakuna pigano la mwisho katika hadithi za aina hii linaloifikia.

Hadithi za Uingereza kuvamiwa hazikuanza na Wells. George Chesney alikwisha kuitikisa nchi hiyo mwaka 1871 kwa The Battle of Dorking. Alichofanya Wells ni kumbadilisha adui. Aliandika akiwa Woking, mkoani Surrey, alikohamia mwaka 1895, na katika tawasifu yake ya mwaka 1934 anaeleza jinsi alivyokuwa akizunguka na baiskeli kuchagua mahali na watu wa kuangamizwa na Wamirihi wake. Wazo lenyewe lilitoka kwa kaka yake, Frank. Walikuwa wakitembea na kuzungumzia maangamizi ya wenyeji wa Tasmania mikononi mwa Wazungu, Frank akauliza ingekuwaje viumbe wa sayari nyingine wangeshuka na kuwatenda Waingereza vivyo hivyo. Riwaya ilitoka kama kitabu mwaka 1898, ikiwa imetabarukiwa kwa kaka huyo, na Watasmania wametajwa tangu kurasa za mwanzo.

Kufikia sura ya 17, London imekwisha kukimbiwa. Mdogo wake msimulizi, mwanafunzi wa udaktari, amefika pwani ya Essex na wanawake wawili aliowaokoa njiani, na wamelipa pauni 36 kupanda meli ya mvuke iendayo Ostend, Ubelgiji. Bahari imejaa vyombo vya kila namna vilivyobeba wakimbizi. Ndipo Mmirihi wa kwanza anapotokea kwa mbali, akifuatwa na wa pili na wa tatu, wote wakiingia majini kuwazibia watu njia.

Manowari inatoka mbio, imelala chini majini, na mawimbi yanaipanda sitaha. Haifyatui hata risasi moja, na hapo ndipo ufundi wa Wells unapoonekana. Wamirihi hawajawahi kukutana na kitu kama kile na hawajui ni nini, kwa hiyo wanasita. Kombora moja tu lingewazindua, nao wangeizamisha palepale. Kimya kile kinaiwezesha kuwakaribia. Wanairushia kopo la moshi mweusi wa sumu, linagonga ubavu na kuteleza pembeni. Kisha mwale wa joto unapenya chuma chake kama karatasi, lakini manowari imekwisha kufika, na Mmirihi wa kwanza anapepesuka na kuanguka baharini.

Sasa mizinga inanguruma. Kombora moja linapiga maji karibu na meli ya wakimbizi, linaruka na kuivunjavunja mashua ya uvuvi iliyokuwa ikipita. Mwandishi asiye makini angeliacha jambo hilo, asije akautia doa ushujaa. Wells ameliweka kwa sababu vita ndivyo ilivyo. Moto unatoka katikati ya manowari, lakini usukani bado ni mzima na injini zinafanya kazi, nayo inamgeukia Mmirihi wa pili. Ikiwa imebakiza kama mita 100, mwale unaipata tena na inalipuka. Mabaki yake yanayowaka, yakiwa bado katika mwendo uleule, yanamgonga adui na kumkunja kama boksi la karatasi. Nahodha wa meli ya wakimbizi anapaza sauti kuhesabu: wawili. Moshi unapotawanyika, manowari haionekani, wala Mmirihi wa tatu haonekani.

Hakuna baharia hata mmoja wa manowari hiyo anayetajwa kwa jina, wala hatupewi hotuba ya kamanda wao. Tunaiona kwa macho ya abiria aliye mbali, aliyeokolewa na watu ambao hatawajua kamwe. Ushindi wa vita haukupatikana pale, kwa maana Wamirihi watauawa baadaye na vijidudu vya maradhi. Watu waliokuwa melini wakaponyoka, na hicho ndicho kipimo cha ushujaa wa manowari ile.

Wajuzi hubishana ni meli gani halisi iliyomwongoza Wells. Riwaya inaiita manowari ya topido iliyoundwa kugonga, na jeshi la majini la Uingereza liliwahi kuwa na moja tu ya aina hiyo, Polyphemus, iliyoshushwa majini mwaka 1881 ikiwa na pembe ya chuma kwenye omo. Mwaka 1885, katika mazoezi ya Berehaven, Ireland, ilivunja kizuizi kizito kilichotandazwa majini ikapita. Wapinzani wanasema Polyphemus haikuwa na mizinga mikubwa kama ile ya hadithini. Mimi nasimama na wanaoitaja Polyphemus, kwa kuwa kazi iliyoundiwa ni ileile iliyofanywa na Thunder Child. Iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1903, bila kupigana vita yoyote kubwa.

Waliofuata hawakuitendea haki sura hii. Orson Welles, katika mchezo wake wa redio wa Oktoba 30, 1938, aliweka ndege ya kivita inayomwangukia adui. Filamu ya mwaka 1953 haina manowari, wala ya Steven Spielberg ya mwaka 2005. Aliyeirudishia heshima ni mwanamuziki Jeff Wayne, katika albamu yake ya mwaka 1978. Hata hivyo uzao wa Thunder Child upo: rubani wa filamu ya Independence Day ya mwaka 1996 anayejitosa na ndege yake kwenye silaha ya adui, na kikosi cha Rogue One ya mwaka 2016, kinachoteketea chote baada ya kutuma ujumbe.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuisoma sura hiyo. Miezi minane kabla jarida halijaanza kuichapisha, Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani Zanzibar. Meli ya Sultani, Glasgow, ilithubutu kuifyatulia St George, manowari ya Admirali Harry Rawson, ikazamishwa. Mabaharia wake walisalimu amri na kuokolewa, na milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji hadi mwaka 1912. Wazanzibari wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Sisemi Wells aliiwaza Zanzibar. Nasema kwamba aliwataka Waingereza waonje hali iliyowapata watu wa Glasgow, wenye silaha duni mbele ya adui asiyefikika.

Leo tukio hilo tunawasimulia watalii kama kichekesho: vita fupi kuliko zote duniani. Ni aibu yetu. Mwingereza alibuni meli isiyokuwapo, na dunia inaiheshimu mpaka sasa. Sisi tulikuwa nayo ya kweli, tumeiacha iwe jibu la chemshabongo. Kalamu za kuiandika zipo, kwani Kyallo Wadi Wamitila alikwisha kuonyesha katika Bina-Adamu! kwamba Kiswahili kinabeba safari za ajabu bila kuelemewa. Walimu waifundishe Glasgow kwa heshima inayostahili, na waandishi wetu waipe sura yake ya 17.