Mahameli

Mahameli ni kitambaa ambacho uso wake umejaa malaika mafupi yaliyosimama wima, yamebanana hata uzi wa chini hauonekani. Kiganja kikipita upande mmoja huteleza; kikirudi, kitambaa hukataa kidogo na rangi yake hukoza. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, mukhmal, yaani kilichotiwa malaika, na ni ndugu wa makhmal ya Kiajemi, Kihindi na Kiurdu. Madukani siku hizi wengi husema velveti, ila nguo ni ileile: ya makochi, ya mapazia, ya misala, ya visanduku vya pete.

Mbali na kuvaliwa na kukaliwa, mahameli imegeuka jina. Kuna mapinduzi ya mahameli, talaka ya mahameli, msimu wa mahameli, mchoraji Mahameli, bendi, filamu, keki, hata nyoka. Aghalabu wanaolitoa jina hilo hukusudia ulaini. Mfumaji angewauliza ulaini huo unapatikanaje, maana mahameli hailainiki mpaka ipitiwe na kisu.

Ufumaji

Nguo ya kawaida ina nyuzi za namna mbili: mtande, unaotandwa kwa urefu, na mshindio, unaopitishwa kwa upana. Mahameli ya hariri ya asili ina mitande miwili. Mmoja hushika nguo, wa pili ni wa malaika. Kila baada ya mishindio michache mfumaji huingiza ufito mwembamba wa chuma chini ya mtande wa pili, na nyuzi zake hubaki zimepanda juu ya ufito kama safu ya vitanzi vidogo. Ufito una mfereji mgongoni. Kijisu hupitishwa ndani ya mfereji huo kutoka ukingo hadi ukingo, vitanzi vyote vinakatika, na ncha zake zinasimama. Hapo amepata mstari mmoja tu wa malaika. Mkono ukiteleza, kisu kinaula mtande na kazi ya siku imeharibika.

Karakana ya Luigi Bevilacqua mjini Venice, iliyoanzishwa 1875, bado inafuma hivyo kwa vitanda vya mbao vya karne ya 18. Mfumaji hodari hupata kama sentimita 30 kwa siku. Mtande wa malaika nao humeza hariri mara kadhaa ya urefu wa nguo, kwa sababu kila uzi unapanda na kushuka. Anayeshangaa bei ya zamani ya kitambaa hiki na azidishe mwenyewe.

Viwanda vya karne ya 19 vilipata njia ya mkato. Nguo mbili hufumwa kwa pamoja zikitazamana, mtande wa malaika ukienda na kurudi kati yake, kisha wembe unapita katikati na kuzitenganisha kama mtu anayepasua andazi. Ndivyo mahameli ilivyoshuka kutoka hariri hadi pamba, na baadaye poliesta, na kutoka kasri hadi sebule ya kila mtu.

Kwa fundi cherehani kitambaa hiki ni kisirani. Kabla ya kutia mkasi hukipapasa kwanza ajue malaika yamelala upande gani, na vipande vyote huvikata vikielekea huko. Mkono mmoja wa gauni ukikatwa kichwa chini, jua likiupiga utadhani umetoka kwenye jora jingine. Pasi nayo haikanyagi uso wa mahameli. Nguo hutundikwa juu ya mvuke, na malaika yaliyolala huinuka.

Nguo ya wakubwa

Katika karne ya 15 na ya 16 mahameli bora za Ulaya zilitoka Venice, Genoa na Florence. Dola ya Uthmaniya ilifuma zake Bursa, ambako huitwa kadife, na Uajemi ilisifika kwa karakana za Kashan. Kwa kuwa nguo ilitangaza cheo, serikali ziliilinda kwa sheria. Tangazo la Malkia Elizabeth wa Kwanza la mwaka 1574 liliwapangia Waingereza nani avae mahameli na nani asiiguse, kufuata ngazi ya heshima na kipato. Sheria za namna hiyo zilivunjwa sana, jambo linaloonyesha namna watu walivyoitamani nguo.

Upande wa pili wa kitanda cha kufumia hauelezwi mara nyingi. Mjini Bradford, Uingereza, kiwanda cha Manningham cha Samuel Lister kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya hariri na mahameli. Desemba 1890, baada ya Marekani kupandisha ushuru wa bidhaa za nje, mwenye kiwanda alitangaza kupunguza mishahara. Wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana, waligoma majira yote ya baridi. Aprili 1891 walirudi kazini wameshindwa, njaa imewazidi. Lakini hasira yao haikuzimika: mwaka 1893, katika mji huohuo wa Bradford, kilizaliwa Chama Huru cha Wafanyakazi, mmoja wa wazazi wa chama cha Labour cha leo. Mwaka 1911, Mfalme George wa Tano alipotawazwa, kiwanda hichohicho ndicho kilichotoa mahameli.

Mahameli ya Kasai

Mahameli ya Afrika haikuagizwa kutoka ng'ambo. Kitabu cha Filippo Pigafetta, kilichochapwa Roma mwaka 1591 kutokana na masimulizi ya mfanyabiashara Mreno Duarte Lopes, kinaeleza nguo za ufalme wa Kongo zilizofumwa kwa nyuzi za majani ya mitende, na kuzilinganisha na mahameli na hariri za Ulaya. Baadhi ya nguo hizo zilichukuliwa na kuwekwa katika makusanyo ya wafalme na matajiri wa Ulaya, na chache zingalipo.

Mrithi wa ufundi huo anayejulikana zaidi ni Mkuba, katika nchi iliyo kati ya mito Kasai na Sankuru, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uzi wake unatoka kwenye mwale, mti wa jamii ya mitende wenye makuti marefu kupita kiasi. Mwanamume huchana ukuti, hutanda na kufuma kipande cha mraba, kigumu kama mkeka. Kipande hutwangwa kinuni mpaka kilegee, na mara nyingi hutiwa rangi nyekundu ya tukula, unga wa mti wa msituni. Hapo kinaingia mikononi mwa mwanamke.

Yeye hafuati mchoro wowote uliochorwa juu ya kitambaa. Nakshi iko kichwani. Sindano inapita chini ya uzi mmoja wa kitambaa na kutokea upande wa pili karibu sana. Uzi wa mwale huvutwa mpaka ubaki unywele mdogo tu, kisha kijisu kinaukata ncha zote mbili ziwe sawa. Hafungi fundo. Ubanaji wa ile nguo ya chini ndio unaoshika kila laika mahali pake. Sindano inarudi, inatoka, kisu kinakata. Kipande kisichozidi upana wa meza ndogo kinaweza kuchukua miezi, kwa kuwa mwanamke ana shamba na watoto, na ushonaji hupewa saa zinazobaki.

Nakshi ni pembe, misalaba na mafundo yanayoingiliana, kisha ghafla mstari unakatizwa na mwingine unaanza kwa kipimo tofauti, kana kwamba mshonaji amebadili wimbo katikati. Kila nakshi ina jina. Kuna kisa cha mfalme wa Kuba aliyeonyeshwa pikipiki na wamisionari miaka ya 1920. Mashine haikumshughulisha, alichokitazama ni alama za matairi mchangani, akaamuru zinakiliwe ziwe nakshi. Nguo hizi zilitolewa mahari, zilivaliwa kwenye ngoma za kifalme, na zaidi ya yote zilizikwa na wafu, maana marehemu asiyevaa nguo ya kwao jamaa waliomtangulia wangemtambuaje? Kazi ya miezi mingi ilifukiwa udongoni, na hakuna aliyeiona kuwa hasara.

Kwa Kifaransa ziliitwa mahameli za Kasai. Mchoraji Henri Matisse (1869–1954) alizitundika ukutani mwa karakana yake na kuzitazama kwa muda mrefu, na wachambuzi wengi wanaona athari yake katika kazi za uzeeni mwake, alipoacha brashi na kushika mkasi na karatasi za rangi.

Prague na baada yake

Jioni ya Ijumaa, 17 Novemba 1989, wanafunzi wa Prague walioandamana kuadhimisha miaka 50 tangu Wanazi wafunge vyuo vikuu vyao walizibiwa njia na polisi katika barabara ya Národní. Walikaa chini, wakawasha mishumaa, wakaonyesha mikono mitupu. Polisi waliwapiga virungu, na mamia wakaumia. Uvumi ulienea kwamba mwanafunzi mmoja ameuawa. Haukuwa kweli, lakini uliwatoa watu majumbani. Tarehe 24 uongozi wa juu wa Chama cha Kikomunisti cha Chekoslovakia ulijiuzulu. Tarehe 27 nchi nzima iligoma kwa saa mbili. Katika mikutano watu walitoa funguo mifukoni na kuzitikisa pamoja, kengele ya kuwaambia watawala muda wao umekwisha. Tarehe 29 Desemba mwandishi wa tamthilia Václav Havel, aliyekuwa gerezani mapema mwaka huohuo, alichaguliwa rais.

Jina la mapinduzi ya mahameli lilienezwa kwanza kwa wanahabari wa kigeni, na Rita Klímová, aliyekuwa akimtafsiria Havel, hutajwa kuwa miongoni mwa walioanza kulitumia. Kicheki husema sametová. Samet, kama Samt ya Kijerumani, inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyuzi sita. Waslovakia, ambao walikuwa ndani ya mapinduzi hayohayo, hawakulichukua jina. Wao husema mapinduzi ya upole, na kwa maoni ya mwandishi huyu lao ndilo lililo sahihi zaidi, kwa kuwa linasifu mwenendo wa waandamanaji na haliwasafishi waliopiga virungu.

Ipo hadithi inayopendwa kwamba jina lilitoka kwa bendi ya New York, The Velvet Underground. Bendi hiyo ya Lou Reed na John Cale, iliyolelewa na Andy Warhol, ilichukua jina kwenye kitabu cha Michael Leigh cha mwaka 1963 kuhusu mambo ya siri ya chumbani. Uhusiano na Prague ni wa kweli, ila si wa jina. Havel alizuru New York mwaka 1968 na kurudi na sahani ya santuri ya bendi hiyo. Vijana wa Prague waliounda bendi ya Plastic People of the Universe walipiga nyimbo zake. Walipokamatwa na kushtakiwa mwaka 1976, kesi yao iliwakusanya wasomi waliotoa waraka wa kudai haki za binadamu, Charta 77, na humo ndimo viongozi wa 1989 walimopikwa.

Talaka ya mahameli ilifuata upesi. Tarehe 1 Januari 1993 Chekoslovakia iligawanyika bila risasi, baada ya mazungumzo ya Václav Klaus wa upande wa Wacheki na Vladimír Mečiar wa upande wa Waslovakia. Mali iligawanywa mafungu mawili kwa Wacheki na moja kwa Waslovakia, kulingana na idadi ya watu. Wananchi hawakupigishwa kura. Sheria ilikataza nchi yoyote kati ya hizo mbili kurithi alama za shirikisho, lakini Wacheki walibaki na bendera, na Waslovakia walinung'unika.

Jina likaanza kusafiri. Armenia ililitwaa kwa fahari mwaka 2018, waziri mkuu Serzh Sargsyan alipong'atuka kwa maandamano yaliyoongozwa na Nikol Pashinyan. Iran ililigeuza kosa la jinai: katika kesi za Agosti 2009, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, waendesha mashtaka waliwatuhumu wapinzani kupanga mapinduzi ya makhmali. Aliyejitokeza Ulaya kumsemea mgombea Mir-Hossein Mousavi wakati huo ni mtengenezaji filamu Mohsen Makhmalbaf, na makhmalbaf kwa Kiajemi maana yake ni mfuma mahameli.

Majina mengine

Jan Brueghel Mkubwa (1568–1625), mchoraji wa Antwerp, aliitwa Brueghel wa Mahameli kwa namna alivyochora maua na vitambaa. Warusi huita wiki za mwanzo wa vuli kwenye Bahari Nyeusi msimu wa mahameli, joto likiwa limepoa na bahari ingali vuguvugu. Filamu ya David Lynch ya 1986, Blue Velvet, inaonyesha uozo chini ya mtaa wenye bustani nzuri. Mmarekani Edgar Leeteg (1904–1953), aliyeishi Moorea karibu na Tahiti, alichora picha za wanawake juu ya mahameli nyeusi, na biashara iliyomfuata iliijaza dunia sura za mwimbaji Elvis. Keki ya red velvet, inayopatikana sasa katika maduka ya keki Nairobi na Dar es Salaam, iliitwa hivyo kwa chembe zake laini. Kakao na siki vilitoa wekundu hafifu, na rangi kali ya leo ni ya chupa.

Katika maumbile, mahameli ni ngozi yenye malaika inayofunika pembe changa za kulungu wa Ulaya na Asia. Pembe ikikomaa ngozi hufa, naye huisugua kwenye miti mpaka ining'inie vipande vyenye damu. Swala wa Afrika hawana jambo hilo. Wapo pia wale wadudu wadogo wekundu, mithili ya matone ya mahameli, wanaotoka ardhini baada ya mvua za kwanza na ambao watoto huwaokota viganjani.

Kwa Kihispania mahameli ni terciopelo, na nchini Costa Rica mwenye jina hilo ni nyoka, Bothrops asper. Magamba yake yana mgongo mdogo katikati, hivyo ngozi haing'ai bali hufifia kama nguo yenye malaika. Hujikunja chini ya majani makavu pembeni mwa mashamba, na ndiye anayeuma watu wengi kuliko nyoka mwingine wa sumu nchini humo, hasa vibarua, mguuni, chini ya goti.