Kingamwili iliyotafuta saratani ikaangukia kwenye vishimo

Mwaka 1953 George Palade aliangalia seli za mishipa ya damu kwa hadubini ya elektroni, akaona vishimo vidogo sana kwenye utando wa seli. Mwaka 1955 Eiichi Yamada aliviona kwenye kifuko cha nyongo, akaviita kaveola, yaani mapango madogo. Jina likapatikana. Lakini vimejengwa na nini? Hapo ikawa kimya kwa karibu miaka 40. Hadubini ilionyesha umbo tu, haikusema ni protini gani imekaa pale.

Jibu lilitokea kwa kuku, ebu fikiria! Mwaka 1911 Peyton Rous alionyesha kwamba uvimbe wa saratani wa kuku unaweza kuambukizwa kwa majimaji yaliyochujwa. Kumbe ni virusi. Baadaye ikajulikana kuwa virusi hivyo vinabeba kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini za seli. Protini zipi sasa?

John Glenney alilifuata swali hilo miaka ya 1980. Alitumia mbinu ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975: unamchanja panya, unachukua seli zake zinazotengeneza kingamwili, unaziunganisha na seli za saratani zisizochoka kugawanyika. Kila ukoo wa seli unakupa kingamwili ya aina moja tu. Kingamwili mojawapo ikanasa protini ya kama kilodaltoni 22.

Mwaka 1992 Glenney na kundi la Richard Anderson huko Dallas waliangalia kingamwili hiyo inakwenda kukaa wapi. Kwenye vishimo vya Palade! Protini ikaitwa kaveolini. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba protini ambayo kundi la Kai Simons huko Heidelberg lilikuwa limeiita VIP21 ni hiyohiyo.

Mwaka 1997 Simons na Elina Ikonen walieleza kwamba ndani ya utando kuna vyelezo vya lipidi, vipande vyenye kolesteroli nyingi vinavyoelea na protini zake. Kaveolini ikawa alama ya kuvitafutia, na kingamwili yake ikaingia kwenye friji za maabara nyingi.

Mimi pia niliitumia. Mstari ulipotokea kwenye karatasi nikafurahi sana. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: "Umejaribu kwenye seli zisizo na hii protini?" Sikuwa nimejaribu.

Swali hilo lina historia yake. Mwaka 2001 walitengenezwa panya wasio na jini ya kaveolini-1. Kwenye mapafu yao kaveola zilitoweka. Hapo ikathibitika kwamba protini hii ndiyo inayojenga vishimo, na watafiti wakapata seli za kuijaribia kingamwili: ikiwaka hata humo, inakudanganya.

Na hata ikiwa mkweli, inakuambia kaveolini ipo. Haisemi chelezo kipo. Hilo utalithibitisha kwa njia nyingine.