Miwani ya kompyuta yamsaidia mkaguzi wa majengo, lakini haioni ndani ya zege

Kazi kubwa ya mkaguzi wa jengo linaloendelea kujengwa ni kulinganisha michoro iliyoidhinishwa na kile ambacho mafundi wamekijenga. Kwa miaka mingi ameifanya kazi hiyo kwa karatasi na futi kamba. Miwani ya uhalisia mseto, yaani kompyuta inayovaliwa kichwani na kuonyesha taswira juu ya vitu halisi, humwezesha kuuona mchoro mahali penyewe huku mikono yake ikiwa huru.

Istilahi ya uhalisia mseto ilifafanuliwa na Paul Milgram na Fumio Kishino katika makala yao ya mwaka 1994. Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa HoloLens mwaka 2016, kisha mwaka 2019 ikatoa HoloLens 2, iliyouzwa kwa dola 3,500. Kampuni ya Trimble iliiunganisha na kofia ngumu ili iweze kuvaliwa kwenye maeneo ya ujenzi.

Kabla ya ukaguzi, modeli ya jengo huingizwa katika kifaa na kulinganishwa na alama iliyopimwa sakafuni. Kamera za kifaa hufuatilia mwendo wa kichwa ili taswira ibaki mahali pake. Bomba lililopitishwa pasipostahili au tundu lililosahaulika ukutani huonekana mara moja, na mkaguzi hupiga picha papo hapo.

Hata hivyo, taswira huweza kusogea kidogo kadiri mkaguzi anavyotembea mbali na alama, hivyo haifai kutegemewa kwa vipimo vya milimita. Jua kali huifisha, na betri hudumu takriban saa mbili hadi tatu. Lililo zito zaidi ni kwamba miwani hiyo haioni ndani ya zege. Nondo zilizopungua hubainika kabla zege halijamwagwa. Baada ya hapo huhitajika rada ya kupenya zege. Nguvu ya zege lenyewe hupimwa maabara kwa kuvunja vipande vyake, kwa kawaida baada ya siku 28. Mkaguzi aliyechelewa kufika hasaidiwi na miwani.

Mwaka 2024 Microsoft ilisitisha uzalishaji wa HoloLens 2, na kutangaza kuwa marekebisho ya usalama wa programu yake yataendelea hadi mwisho wa mwaka 2027. Wakandarasi wanaoitumia wanalazimika kuhakikisha kwamba kumbukumbu zao za ukaguzi zinaweza kufunguliwa katika vifaa vingine.